Kukamilisha Mraba Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Kukamilisha mraba ni njia ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili kwa kuongeza kipande kinachokosekana mpaka umbo litimie mraba, kisha kutafuta kipeuo chake. Katika bonde la Kyela, jambo hili laweza kuonyeshwa vizuri zaidi kwenye shamba la mpunga kuliko ubaoni. Wakulima wa Tanzania wamezoea kupima ekari kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70, yaani hatua za mraba 4,900. Lakini mashamba mengi ya bondeni hayana pande sawa. Yamebanwa kati ya mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mifereji yake na njia za kwenda ziwani, kwa hiyo ekari moja yaweza kuwa ndefu na nyembamba.

Chukua shamba la mstatili lenye ekari moja kamili, ambalo mzingo wake ni hatua 296. Urefu na upana havijulikani. Yanayojulikana ni mawili tu: jumla ya urefu na upana ni nusu ya mzingo, yaani 148, na urefu ukizidishwa kwa upana hupatikana 4,900. Kama shamba lingekuwa mraba wenye mzingo huohuo, kila upande ungekuwa hatua 74, na eneo lingekuwa 5,476. Shamba lenyewe limepungukiwa na hatua za mraba 576. Upungufu huo nao ni mraba, na upande wake ni 24. Basi urefu ni 74 na 24, yaani 98. Upana ni 74 toa 24, yaani 50. Ukizidisha 98 kwa 50 unarudi kwenye 4,900.

Kwa herufi, hesabu ni ileile. Urefu ukiwa x, upana ni 148 − x, na mlinganyo unakuwa x² − 148x = −4,900. Nusu ya 148 ni 74. Kipeo chake cha pili, 5,476, kinaongezwa pande zote mbili, na upande wa kushoto unakuwa (x − 74)², wa kulia 576. Mwanafunzi wa kidato cha pili hufundishwa hatua hizi kwa mpangilio huu. Ni nadra kuonyeshwa shamba lililozizaa, na hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu historia yote ya njia hii ilianzia kwenye umbo na eneo kabla ya kufika kwenye herufi.

Waandishi wa Babeli walikuwa wakifanya hesabu hizi takribani miaka 1800 kabla ya Kristo. Kwenye vibao vya udongo waliweka maswali ya visivyojulikana viwili ya namna hiyohiyo: urefu na upana vikijumlishwa ni 6½, vikizidishwa ni 7½. Nusu ya jumla ikapigwa kipeo cha pili, eneo likatolewa, kipeuo kikatafutwa, na jibu likawa 5 na 1½. Mkulima wa Kyela mwenye ekari ya hatua 98 kwa 50 anasimama mbele ya swali hilohilo, tarakimu tu ndizo zimebadilika.

Aliyeipa njia hii maelezo yaliyodumu ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hadi 833. Mfano wake maarufu ni mraba ambao ukiongezewa pande zake kumi unapata 39. Aliuchora. Mraba usiojulikana unachorwa kwanza. Zile pande kumi zinagawanywa kuwa mistatili miwili, kila mmoja na upana wa 5, na kubandikwa kwenye pande mbili za mraba. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa ila kona moja iko wazi, na kona hiyo ni 5 kwa 5. Ikizibwa kwa 25, eneo lote ni 64, upande ni 8, na upande wa mraba wa mwanzo ni 3.

Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi chenye mfano huo inahusu mirathi na wasia. Elimu ya kugawa mirathi ilifika pwani ya Waswahili na kukaa, kwa sababu sheria ya Kiislamu inaihitaji kila mtu anapofariki. Mirathi hudai sehemu: nusu, robo, thumni. Haidai miraba. Hata wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga ngome karibu na Karonga katika miaka ya 1880, chini ya Mlozi aliyepigana na Kampuni ya Maziwa ya Kiafrika tangu 1887 hadi 1889 na kunyongwa Desemba 1895, walihitaji hesabu ya pembe za ndovu, mikopo na gawio. Biashara yao haikuwadai mlinganyo wa kipeo cha pili.

Kazi iliyodai hesabu za miraba ilikuja na mipaka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliamua kwamba eneo la Wajerumani lifuate mwambao wa mashariki, kaskazini na magharibi wa ziwa mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha lipande na mto hadi mahali unapokutana na longitudo ya digrii 33 mashariki. Waliouandika walikuwa Ulaya, na ramani zao za nyanda hizi zilikuwa na mapengo makubwa. Meli ya Ilala ilikuwa imefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1875 tu, na msafiri Joseph Thomson alipita nchi ya Konde mwaka 1879. Mto unaonekana kwa macho, longitudo haionekani. Ili kujua digrii 33 inapita wapi, ilibidi kupima nyota, saa, pembe na umbali.

Mwaka 1898 tume ya pamoja ilipelekwa kupima nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Upande wa Uingereza walikuwapo Kapteni Charles Close na Kapteni Boileau wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Upande wa Ujerumani walikuwapo Kapteni Herrmann, Luteni Glauning na Dakta Ernst Kohlschütter. Hawa hawakuwa wapita njia. Close alikuja kuongoza idara ya ramani ya Uingereza tangu 1911 hadi 1922. Kohlschütter na Glauning, baada ya kazi ya mpaka, walizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1899 na 1900 wakipima nguvu ya mvutano wa dunia kwa pendula. Matokeo ya tume yaliingizwa katika makubaliano yaliyotiwa saini Berlin tarehe 23 Februari 1901.

Kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa upimaji wa pembetatu, ambao huenda hivi. Mstari mmoja hupimwa kwa uangalifu mkubwa ardhini. Kisha kutoka ncha zake mbili hupimwa pembe za kuelekea kilele cha tatu, na kutoka hapo kilele cha nne, mpaka nchi nzima ifunikwe na pembetatu. Shida yake ni kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa. Joto hutetemesha hewa, darubini husogea kidogo, na pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa hazilingani kabisa na nadharia. Mpima huishia na vipimo vingi kuliko visivyojulikana, na vipimo hivyo havikubaliani.

Dawa ya ugonjwa huo ilitolewa na Adrien-Marie Legendre wa Ufaransa, aliyeichapisha mwaka 1805, na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, aliyeichapisha mwaka 1809: chagua majibu yatakayofanya jumla ya miraba ya makosa yote iwe ndogo kuliko zote. Gauss mwenyewe alikuwa mpima. Katika miaka ya 1820 alipima pembetatu za nchi ya Hanover kwa mikono yake. Kinachosahaulika ni namna alivyotafuta jumla hiyo ndogo. Katika kazi yake ya 1810 juu ya sayari ndogo ya Pallas, alikamilisha mraba, kisichojulikana kimoja baada ya kingine.

Mfano mdogo wa visivyojulikana viwili unatosha kuonyesha kazi ilivyo. Jumla ya miraba ya makosa ikitokea kuwa x² + 2xy + 2y² − 10x − 14y + 40, kwanza hukusanywa kila chenye x. Mraba unaovimeza vyote ni (x + y − 5)². Ukishautoa, kinachobaki ni y² − 4y + 15, na humo x haipo tena. Masalio hayo nayo hukamilishwa kuwa (y − 2)² + 11. Sasa kila kitu kiko wazi. Mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo jumla yote haiwezi kushuka chini ya 11, na hufika hapo miraba yote miwili ikiwa sifuri: y ni 2, na x ni 3. Visivyojulikana vikiwa ishirini, kazi ni ndefu mara nyingi zaidi, lakini kila hatua ni hiyohiyo.

Elimu ya upimaji ya Ujerumani katika karne ya 19 ilijengwa juu ya njia hii ya Gauss, na Kohlschütter alitoka katika elimu hiyo. Kwa hiyo kukamilisha mraba kulifika ufukwe wa kaskazini wa Nyasa kichwani mwa wapima na ndani ya madaftari yao, miongo mingi kabla ya mtoto yeyote wa Kyela kufundishwa. Mpaka uliothibitishwa na kazi ile uliwaacha Wanyakyusa upande mmoja wa Songwe na ndugu zao Wangonde, watu wa chifu Kyungu, upande mwingine. Hesabu ilifanywa juu ya nchi yao, na hakuna aliyefikiri kwamba wanapaswa kuielewa.

Shule zilikuwa zimeshaanza wakati huo. Mwaka 1891 wamisionari Wamoravia walijenga Rungwe, na wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakaanza kazi upande wa mashariki yake. Mwaka 1894 Wamoravia walishuka bondeni na kufungua Ipyana, karibu na mahali ulipo mji wa Kyela leo. Walichofundisha kilikuwa kusoma, kuandika, Maandiko, nyimbo na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Lengo lilikuwa msomaji wa Biblia na mwalimu wa kijiji. Aljebra haikuwa na nafasi katika lengo hilo.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hali haikubadilika upesi. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza elimu iliyofungamana na kilimo, afya na maisha ya kijiji. Shule ya serikali ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford kwa ajili ya vijana wa nyanda za juu kusini, ilijaribu kujenga malezi juu ya mila za wenyeji. Pendekezo hilo lilikuwa na hekima yake, lakini lilikuwa na dosari moja nzito: lilichukulia kwamba mtoto wa kijijini atabaki kijijini, na kwamba hesabu ya juu ni kazi ya mtu mwingine. Kijana wa Rungwe, wilaya iliyokuwa bado na bonde la Kyela ndani yake, aliyetaka kwenda mbele alilazimika kusafiri mbali, hadi shule kama Tabora.

Baada ya Vita Kuu ya Pili masomo ya sekondari yalipanuka na kuelekezwa kwenye mtihani wa cheti cha Cambridge. Hapo ndipo mlinganyo wa kipeo cha pili ulipoingia rasmi katika masomo ya vijana wachache wa Tanganyika, kwa Kiingereza, kupitia vitabu vya kina Clement Durell vilivyotumika kotekote katika makoloni ya Uingereza. Njia tatu zilifundishwa pamoja: kutafuta vigawe, kukamilisha mraba, na kanuni ya jumla, ambayo yenyewe hutokana na kukamilisha mraba. Mchoro wa al-Khwarizmi haukuonekana mara nyingi.

Uhuru ulileta mabadiliko ya haraka. Kuanzia 1962 walimu na wanahisabati wa Kiafrika na Kimarekani walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya vilivyoanza na seti. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973.

Hata hivyo, badiliko lililogusa Kyela zaidi lilikuja baadaye. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulisukuma ujenzi wa shule za sekondari za kata. Kabla yake, sekondari ilikuwa ya wachache waliochaguliwa. Baada yake, mtoto wa mvuvi wa Matema au wa mkulima wa karibu na Kasumulu aliweza kukutana na mlinganyo wa kipeo cha pili bila kuhama wilaya yake. Katika historia yote ya hesabu hii kando ya ziwa, hakuna tukio lililoifikisha kwa watu wengi kuliko hilo.

Kufika si kueleweka. Mwishoni mwa miaka ya 2010, takribani mtahiniwa mmoja kati ya watano nchini ndiye aliyefaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne. Sababu ni nyingi: upungufu wa walimu, madarasa yaliyojaa, na mtoto aliyejifunza mzingo, eneo na kipeuo kwa Kiswahili miaka saba kutakiwa aanze upya kwa lugha nyingine. Katika kukamilisha mraba hasara hiyo inaonekana kwa karibu. Agizo la kuchukua nusu ya namba iliyo mbele ya x na kuipiga kipeo cha pili hukaririwa kama sharti lisilo na sababu, wakati sababu yake ni kona iliyo wazi ya umbo, na mwanafunzi huyo anazijua kona za mashamba tangu utotoni.

Wanaoendelea hadi kidato cha tano huipata tena njia hiyo kwenye jiometri, safari hii ikiwa na herufi mbili kwa pamoja. Mlinganyo x² + y² − 6x − 8y = 0 hausemi kitu mpaka ukamilishwe mara mbili, mara moja kwa x na mara moja kwa y. Ukikamilishwa unakuwa (x − 3)² + (y − 4)² = 25, na hapo duara linajitokeza: kitovu chake kiko kwenye 3 na 4, na nusu kipenyo chake ni 5.

Milinganyo ya aina hii iko ndani ya suala linalozungumzwa sana katika ufukwe huu, yaani mpaka wa ziwa. Malawi hushikilia kwamba mpaka ni mwambao uliotajwa mwaka 1890. Tanzania, tangu 1967, imeshikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji. Mstari wa mwambao hufuata ardhi ilivyo, lakini mstari wa kati lazima ukokotolewe, maana kila nukta yake iwe na umbali sawa kutoka pande mbili. Kati ya nukta mbili za pwani zinazotazamana, miraba ya x na y hulingana pande zote za mlinganyo na kufutana, na kinachobaki ni mstari mnyoofu. Kati ya ufuko ulionyooka na rasi moja iliyojitokeza, mambo hubadilika. Ufuko ukiwa mstari y = 0 na rasi ikiwa kilomita 8 mbele yake, mlinganyo ni x² + (y − 8)² = y². Miraba ya y hufutana, ya x hubaki, na mstari wa kati unapinda kuwa parabola, y = x²/16 + 4. Hivyo mstari wa kati wa ziwa lenye rasi na ghuba huwa ni mfululizo wa vipande vilivyonyooka na vilivyopinda.

Songwe nao umeleta kazi yake. Katika sehemu ya chini, kabla ya kuingia ziwani, mto huu hupinda sana na huhamisha njia yake mafuriko yakija, kiasi kwamba familia hujikuta shamba lake limevukia nchi ya pili. Malawi na Tanzania zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuimarisha njia ya mto na kuendeleza bonde lake, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe. Mto ukihama, alama inayotegemewa ni bikoni yenye vipimo vilivyoandikwa.

Vipimo hivyo leo hupatikana kwa satelaiti. Kila satelaiti huipa mashine ya mpima umbali mmoja, na kila umbali ni mlinganyo wa kipeo cha pili wenye x, y na z. Mlinganyo mmoja ukitolewa kwa mwingine, miraba hufutana kama ilivyofutana katikati ya ziwa. Makosa yanayosalia husawazishwa kwa jumla ndogo ya miraba, njia ya Legendre na Gauss, sasa ikifanywa na programu kwa muda mfupi mno. Vijana wa Kitanzania wanaosomea upimaji wa ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hufundishwa kanuni za usawazishaji huo, na mlango wa kuingilia ni somo lile la kidato cha pili linalofundishwa katika kila sekondari ya kata kutoka Ipinda hadi Kasumulu. Ng'ambo ya Songwe, katika sekondari za Karonga, wanafunzi wa Kingonde hutatua milinganyo hiyohiyo ya kipeo cha pili kwa ajili ya mtihani wa taifa lao.